Mlezi wa watoto kwenye mlango wa mbunge

Majuma mawili yaliyopita nilipokea barua kutoka kwa mama mmoja wa Mbagala. Anasema analea watoto tisa nyumbani kwake, wote wa majirani. Yupo wa mama muuza mitumba, yupo wa mlinzi wa usiku, wapo wawili wa mwalimu. Wanaletwa alfajiri, wengine wakiwa bado na usingizi, na wanachukuliwa jioni kwa kutegemea foleni na daladala. Malipo ni madogo, na wapo wazazi wanaomwambia asubiri mwisho wa mwezi, na mwisho huo haufiki. Lakini swali lake halikuwa la fedha. Aliuliza kama mtu kama yeye anaweza kumwandikia mbunge, na kama akimwandikia, barua hiyo inakwenda wapi.

Swali hilo limenikaa kichwani, kwa sababu mimi mwenyewe nimelelewa hivyo. Mama yangu alikuwa mtu wa zamu, na mimi na dada yangu tulikuwa tukishinda kwa mama mmoja jirani yetu pale Magomeni, katika ua wenye mkungu mkubwa. Uji wake ulikuwa mwepesi na mkono wake ulikuwa mzito. Mpaka leo sijui alilipwa shilingi ngapi. Ninalojua ni kwamba hakuna karatasi hata moja ya serikali iliyopata kuandika kuwa mama yule alikuwa na kazi. Angekuja karani wa sensa angemwandika mama wa nyumbani, akaenda zake, na sisi watoto sita tumekaa mkekani tunamtazama.

Katika kumtafutia jibu mama wa Mbagala nimelazimika kwenda mbali kidogo, hadi Marekani. Si kwamba Wamarekani ndio walimu wetu wa malezi, la hasha. Ni kwamba huko jambo hili limebishaniwa mbele ya wabunge kwa zaidi ya miaka 80, na mara nyingine barua zenyewe zilihesabiwa moja moja na hesabu ikatunzwa. Mtu akitaka kujua barua ya mlezi inakwenda wapi, huko anaweza kuifuata njia yake.

Tuanze na vita. Mwaka 1940 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyokuja kuitwa kwa jina la mbunge wa Texas, Fritz Lanham. Ilikuwa sheria ya kujenga nyumba za wafanyakazi wa viwanda vya silaha, na baadaye ikapanuliwa ihusu pia huduma nyingine za miji iliyofurika watu. Juu ya watoto wadogo haikusema neno. Lakini ilipofika mwaka 1942 wanaume walikuwa wamekwenda vitani, na viwanda vilikuwa vinawataka wanawake. Wakubwa wa serikali wakaisoma sheria ile upya, wakaona kwamba hata kituo cha kulelea watoto kinaweza kuitwa huduma ya jamii. Hapo fedha zikatoka. Kufikia Julai 1944 kulikuwa na vituo 3,102 vyenye watoto wapatao 129,000, na mzazi alikuwa akilipa kiasi cha senti 50 za dola kwa siku.

Nakuomba msikilizaji uishike namba hiyo, kisha ujiulize: wale wengine walikuwa wapi? Maana mama waliokuwa kazini walikuwa mamilioni. Jibu ni kwamba watoto wengi walikuwa kwa bibi, kwa shangazi, au kwa mama wa nyumba ya tatu ambaye hakuwa na kibao mlangoni. Kituo kilikuwa na daftari la mahudhurio na mkaguzi. Mama wa nyumba ya tatu hakuwa na daftari wala mkaguzi, na kwa hiyo vita vilipokwisha hakuwa na kitu cha kufungiwa.

Vituo ndivyo vilivyofungiwa. Japani ilisalimu amri Agosti 1945, na mwezi huohuo idara iliyokuwa ikitoa fedha ikatangaza kwamba inazikata. Akina mama wakashika kalamu. Idara hiyo ilipokea barua 1,155, telegramu 318, kadi za posta 794, na maombi ya pamoja yenye sahihi 3,647. Wengi walieleza jambo moja: mume yuko jeshini, hajarudi, na mshahara wa askari hautoshi. Rais Truman akaliomba Bunge fedha zaidi, na vituo vikaongezewa uhai mpaka mwishoni mwa Februari 1946.

Niseme kwamba nilipoziona hesabu hizo nilicheka kidogo. Nilipoingia kazini, kipindi cha salamu kilikuwa kikileta magunia ya kadi, watu wakiwasalimu shemeji zao wa Songea na kaka zao wa Kahama. Barua 1,155 kwa nchi kubwa kama ile si magunia. Lakini zilitosha kuyasogeza maamuzi ya rais kwa miezi kadhaa. Nyingine ziliandikwa na mtu aliyekuwa na mtoto mapajani, na karani aliyezifungua nadhani alilitambua hilo.

Miezi kadhaa si ushindi, bila shaka. Karibu majimbo yote yaliviacha vituo vife. California haikuviacha. Huko akina mama na walimu wa vituo waliendelea kwenda Sacramento, makao ya bunge la jimbo, na kila walipokwenda walipewa fedha za muda mfupi, kisha wakarudi nyumbani, kisha muda ukaisha wakaenda tena. Mchezo huo ulianza mwaka 1946, na mpaka mwaka 1957 ndipo bunge la California lilipovifanya vituo hivyo kuwa vya kudumu. Mtoto aliyekuwa na miaka mitatu mwanzoni mwa madai alikuwa sasa kijana wa miaka 14. Mama yake alikuwa anadai kwa ajili ya watoto wa wengine.

Sasa nikupeleke mwaka 1971, maana hapo ndipo somo linapokuwa chungu. Seneta Walter Mondale na mbunge John Brademas walipeleka muswada mkubwa wa malezi na makuzi ya watoto kwa nchi nzima, familia maskini wasilipe na nyingine zilipe kadiri ya kipato. Mabaraza yote mawili yakaupitisha. Tarehe 9 Desemba 1971 Rais Nixon akaupigia kura ya turufu. Katika maelezo yake alisema kwamba serikali ikiusaini itakuwa imeweka uzito wake upande wa malezi ya kijumuiya dhidi ya malezi ya familia. Ilikuwa zama za vita baridi, na maneno hayo yalieleweka yanaelekezwa wapi. Siku iliyofuata Seneti ilijaribu kuitangua turufu ikapata kura 51 dhidi ya 36, na theluthi mbili haikufika.

Mimi huwa najiuliza, katika maneno yote yale juu ya familia, mama wa nyumba ya tatu alikuwa upande gani? Anakaa nyumbani kwake, anapika jikoni kwake, anawalea watoto wake pamoja na wa jirani. Kama hiyo si familia, basi sijui familia ni nini. Lakini yeye hakuwamo midomoni mwa wapinzani wala mwa watetezi. Ubishi ulikuwa juu ya vituo.

Miaka minne baadaye Mondale na Brademas walijaribu tena na muswada mdogo zaidi. Mwishoni mwa mwaka 1975 ikaanza kuzunguka nchini karatasi isiyo na jina la mwandishi. Ilipita makanisani na majumbani, ikanakiliwa, ikapelekwa kwa ndugu na jamaa. Ilisema kwamba muswada utawapa watoto haki ya kisheria ya kutowatii wazazi wao, na kwamba serikali itachukua malezi mikononi mwake. Hayakuwamo. Maneno mengine katika karatasi ile yalichukuliwa kutoka katika hati ya haki za watoto ya chama kimoja cha Uingereza, ambayo mpinzani mmoja aliiingiza katika kumbukumbu za Bunge wakati wa ubishi wa 1971. Haikuwa na uhusiano wowote na muswada. Hata hivyo wazazi waliamini, wakaogopa, wakaandika. Ofisi za wabunge zikafurika barua kwa maelfu. Mondale na Brademas wakatumia miezi kueleza kwamba yaliyoandikwa si kweli, na muswada ukafa bila hata kupigiwa kura ya maana.

Nimelitafakari sana tukio hilo, kwa kuwa kazi yangu mimi ni maneno yanayosafiri hewani. Wale walioandika mwaka 1975 hawakuwa waongo. Mwongo alikuwa mmoja, au wawili, na hakutia sahihi. Wao walikuwa wazazi wenye hofu ya kweli juu ya jambo lisilokuwepo. Kwenye meza ya karani barua yao ilikuwa na uzito sawasawa na barua ya mke wa askari wa mwaka 1945. Karani anahesabu tu: wanaopinga wangapi, wanaounga mkono wangapi. Na upande wa kuunga mkono ulikuwa na wachache, kwa sababu wenye kulijua jambo walikuwa wanawabadilisha watoto nepi.

Hapo ndipo penyewe. Kamati za bunge hukutana asubuhi au mchana, siku za kazi. Mlezi wa nyumbani ana watoto sita sebuleni, na sheria nyingi za majimbo zinamkataza kuwaacha hata kwa dakika tano. Mwalimu ana likizo, daktari ana zamu ya mwenzake, lakini yeye akifunga mlango wake kwenda kumwona mbunge, wazazi sita hawaendi kazini siku hiyo, na huenda wawili kati yao wakapoteza kazi. Nafasi yake ya simu ni saa ile ya mchana watoto wanapolala, kama wakilala wote kwa pamoja, jambo ambalo mwenye watoto atakwambia ni bahati.

Basi lilibadilika vipi? Lilibadilika kwanza kwa fedha. Mwaka 1990 Rais Bush, yule mkubwa, alisaini sheria iliyoyapa majimbo ruzuku ya malezi, na mzazi akaruhusiwa kupewa vocha aende nayo atakako: kituoni, kanisani, kwa jirani au kwa bibi. Kwa mara ya kwanza kwa kiwango hicho, hundi ya serikali ikaingia nyumba ya tatu. Kisha Agosti 1996 Rais Clinton akasaini sheria iliyowabana akina mama waliokuwa wakiishi kwa msaada wa serikali waende kazini. Wakaenda. Watoto wao wakahitaji mtu wa kuwashika, tena alfajiri, usiku na siku za Jumapili, wakati vituo vimefungwa. Mtu huyo akawa jirani.

Sasa serikali ilikuwa inamlipa, na yenyewe ndiyo inayopanga kiwango. Katika jimbo la Illinois, mlezi asiye na leseni alikuwa akipata chini ya dola 10 kwa mtoto mmoja kwa siku nzima, bila bima ya afya, na mara nyingine hundi inachelewa. Akitaka kulalamika, alalamike kwa nani? Mzazi ndiye anayemchagua lakini halipi yote. Serikali inalipa lakini inasema si mwajiri. Sheria inamwita mtu aliyejiajiri mwenyewe, na waliojiajiri wakikaa pamoja kukubaliana bei wanaweza kushitakiwa kwa kupanga njama ya bei, kana kwamba ni matajiri wa mafuta! Ndiyo maana mlango wao ukawa mmoja tu, nao ni wa mbunge na gavana. Mfanyakazi wa kiwanda anagoma getini. Mlezi wa nyumbani hana geti.

Walioupiga hodi mlango huo walikuwa tawi namba 880 la chama cha wafanyakazi wa huduma, SEIU, lililoanza Chicago mwaka 1983 miongoni mwa wanawake waliokuwa wakiwahudumia wazee na wagonjwa majumbani. Katikati ya miaka ya 1990 wakawageukia walezi wa watoto. Njia yao ilikuwa ya miguu: kwenda nyumba hadi nyumba, kugonga, kuuliza kama hapa analelewa mtoto wa vocha, kukaa jikoni na kusikiliza. Wengi wa waliofunguliwa mlango walikuwa wanawake weusi na wa asili ya Amerika ya Kusini, na kila mmoja alikuwa anadhani hundi yake peke yake ndiyo inayochelewa. Kisha wakawa wanakwenda Springfield, makao ya bunge la jimbo, kudai kiwango kipandishwe. Walifanya hivyo karibu miaka kumi kabla hawajatambuliwa na mtu yeyote kuwa ni chama chao.

Februari 2005 Gavana Rod Blagojevich alitoa amri kwamba serikali ya jimbo itazungumza na walezi hao kama kundi. Aprili walipiga kura, wapatao 49,000 wakiwa na haki ya kupiga, na walio wengi wakachagua chama. Mwaka huohuo bunge likaifanya amri ile kuwa sheria, na kabla mwaka haujaisha ukasainiwa mkataba wa kwanza, wenye nyongeza ya wastani wa asilimia 35 kwa muda wa miaka mitatu na kidogo, pamoja na fedha za bima ya afya. Gavana huyo, nisifiche, alikuja kuondolewa madarakani Januari 2009 kwa rushwa, akafungwa. Mkataba haukuondoka naye, kwa sababu ulikuwa umekwisha kuwa sheria. Hilo nalo mama wa Mbagala alishike: ahadi ya mkubwa ni ya mkubwa, akiondoka anaondoka nayo.

Nisije nikaonekana nauza chama. Minnesota ilipitisha sheria kama hiyo mwaka 2013, na walezi wa huko, wengi wakijiona ni wenye biashara zao ndogo, wakawaandikia wabunge kuipinga, wakaenda mahakamani, na kura ilipopigwa mwaka 2016 wakakataa chama kwa kura 1,014 dhidi ya 392. Nao walikuwa walezi wa nyumbani. Nao walisikilizwa. Sioni kwa nini sauti yao ihesabiwe kuwa ya pembeni, ingawa mimi ningepiga na wale 392.

California, walioanza mapema kuliko wote, walichelewa katika hili. Miswada ilipita bungeni na magavana wakaikataa, akiwamo Jerry Brown mwaka 2011. Walezi wakarudi tena Sacramento, kama wenzao wa miaka ya 1940, wengine bila shaka wakiwa na watoto mkononi. Tarehe 30 Septemba 2019 Gavana Gavin Newsom akasaini. Julai 2020, katikati ya korona, wakati shule zimefungwa na walezi hao ndio waliokuwa wakiwashika watoto wa wauguzi, wakapiga kura: asilimia 97 wakasema ndiyo. Zilikuwa kura za walezi wa jimbo lenye zaidi ya walezi 40,000 wa namna hiyo.

Hata hapo hawakufika mwisho wa safari. Machi 2021 Bunge la Marekani lilitoa dola bilioni 24 kuwashikilia walezi wasifunge, wa vituoni na wa majumbani, na fedha hizo ziliisha tarehe 30 Septemba 2023. Simu za saa ya usingizi wa mchana zikaanza upya.

Sasa mama yangu wa Mbagala. Hapa kwetu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inavitaja vituo vya kulelea watoto mchana na inataka visajiliwe. Wewe hujasajiliwa, na nakuelewa kwa nini unaogopa kuandika jina lako chini ya barua kwa mbunge: huenda ukajibiwa na mkaguzi badala ya mbunge. Hofu hiyo ilikuwako Chicago pia, na ndiyo iliyofanya mlango ugongwe mara tatu kabla ya kufunguliwa. Sitakwambia haina msingi. Nitakwambia tu kwamba waliotoka walitoka wengi kwa pamoja.

Nilimwandikia hayo kwa kifupi, nikamwuliza kama anawajua wenzake. Juzi amejibu. Amezunguka mtaani kwake jioni tatu, baada ya watoto kuchukuliwa, na amewapata walezi kumi na mmoja, ambao yeye alikuwa anawajua wawili tu. Wote pamoja wana watoto 74. Mmoja ni mzee wa kiume, mjane, anayelea wajukuu na watoto wa wapangaji wake. Wamekubaliana kuandika barua moja yenye majina kumi na mawili, na kila mmoja aseme ana watoto wangapi na wazazi wao wanafanya kazi gani. Ananiuliza, je, waichape au waiandike kwa mkono? Nimemjibu waiandike kwa mkono, wabaki na nakala, na wamkabidhi mbunge wenyewe siku atakapokuwa jimboni, iwe jioni.